UZI: PCOS na uzito mkubwa, tupunguze kwa chakula hiki hiki cha Uganda

BintiBombo (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wote. Uzi huu ni wa wanawake wenye PCOS, ule ugonjwa wa homoni unaovuruga hedhi na kutoka kwa yai, ambao pia uzito umewazidi, hasa wale walioambiwa "nenda kapunguze mwili kwanza" kisha wakatoka kwa daktari bila kuelezwa wapunguze vipi. Mimi ni muuguzi, na PCOS ninayo mwenyewe. Nakutana na wanawake wanaoshinda na maji ya ndimu tangu asubuhi. Wengine wametoa pesa ya karo kununua chai ya kukondesha. Wengine wameacha kabisa kwenda harusini, maana kila shangazi atauliza mtoto yuko wapi. Inaniuma, kwa kuwa mengi wanayojitesa nayo hayana lazima.

Asiyeweza kusoma yote, ashike hili: hakuna chakula maalumu cha PCOS, wala huhitaji kurudi kwenye kilo za usichana. Ukipunguza asilimia 5 mpaka 10 ya uzito ulio nao leo na ukabaki hapo, kwa wengi hedhi huanza kujipanga, yai huanza kutoka, na sukari na presha hupata nafuu. Mwenye kilo 100, hizo ni kilo 5 mpaka 10 tu. Zinapatikana kwa matoke, maharage, dodo (mchicha) na mukene (dagaa).

Kwa nini uzito uguse hedhi? Insulini ni homoni inayoshusha sukari kwenye damu, na mwili wa wengi wetu hauiitikii vizuri. Kongosho likiona sukari bado imejaa kwenye damu, linamwaga insulini zaidi. Insulini hiyo ikizidi inachochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Kwenye ini nako inapunguza ile protini inayozishika homoni hizo, kwa hiyo nyingi zinabaki huru zikizunguka mwilini. Ndiyo maana ndevu zinaota kidevuni, chunusi haziishi, nywele za utosini zinapungua, na yai linaanza kukua lakini halifiki kutoka. Mafuta ya tumboni yanazidisha ule ukaidi kwa insulini, insulini inapanda tena, na mwili unazidi kuhifadhi mafuta. Ukipunguza hata kidogo, mzunguko huo unalegea.

Vile vifuko vinavyoonekana kwenye ultrasaundi si uvimbe wa kukatwa. Ni vifuko vidogo vya mayai ambayo yalianza kukua yakakwama njiani. Anayekuuzia dawa ya "kuyeyusha uvimbe wa PCOS" anakuuzia tiba ya kitu ambacho huna. Na ultrasaundi peke yake haitoshi kukupa jina la ugonjwa. Daktari anatafuta mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi. Kabla ya hapo apime tezi la shingo na homoni ya prolaktini, kwa sababu nazo zikiharibika zinavuruga hedhi vile vile.

Sasa sahani. Sahani yetu ya Uganda ina tatizo moja kubwa, nalo ni wanga juu ya wanga. Ukienda kwenye shughuli unapakuliwa matoke, wali, posho (ugali), muhogo na kiazi ulaya, vyote mara moja, halafu kijiko cha mboga pembeni kama pambo. Chagua kimoja tu kati ya hivyo, kiasi cha ngumi yako. Nusu ya sahani iwe majani na mboga: dodo, nakati, sukuma, kabichi, biringanya, ntula. Robo inayobaki iwe maharage, njegere, samaki, mukene, yai au kuku. Hapo utashiba, kwa sababu majani yanajaza tumbo na protini inakaa muda mrefu.

Halafu tuangalie yale ambayo hatuyahesabu kuwa chakula. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na sisi tunamimina kutoka kwenye jerikeni bila kupima. Vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko viwili vya sukari, ni karibu kalori 100. Soda moja ya chupa inazidi hapo. Binyebwa, mchuzi wa karanga, ni chakula kizuri sana, ila karanga zimejaa mafuta, kwa hiyo ni vijiko viwili vitatu juu ya mboga, si bakuli zima. Ovakado nusu inatosha.

Wataalamu wanashauri kupunguza kalori 500 mpaka 750 kwa siku. Ukisikia hivyo unaogopa, lakini fanya hesabu: toa soda, toa sukari ya chai, toa kijiko kimoja cha mafuta kwenye sehemu yako, gawanya posho lako nusu. Umeshafika kwenye 500, na hujalala njaa.

Ulizeni. Nitajibu kadiri ninavyojua.

Hawa_Arua

Allah akulipe dada. Nimesoma mara mbili. Nitauliza la dawa ya metformini baadaye, niwapishe wengine.

Mke_wa_Afande

Dada BintiBombo, mimi niko kwenye kambi, nina kilo 102, urefu wa kawaida. Hedhi yangu naiona mara mbili kwa mwaka, mwaka mwingine mara moja. Nina mtoto mmoja na sasa ni miaka mingi hajafuata mwingine. Shida yangu ni jikoni. Nyumba ina watu saba na sufuria ni moja. Afande akirudi anataka posho zito na nyama ya mchuzi. Siwezi kujipikia changu peke yangu kama mgonjwa, mafuta ya taa yenyewe tunahesabu.

BintiBombo

Mke wa Afande, mama, usipike sufuria ya pili. Chakula ni kile kile, kinachobadilika ni namna unavyojipakulia. Pika dodo nyingi zaidi ya ulivyozoea, hiyo ni bei ndogo sokoni, na watoto pia inawafaa. Mafuta pima kwa kijiko kabla hayajaingia kwenye sufuria. Mchuzi ukiwa tayari, wewe chukua nyama na majani kwanza, posho liwe la mwisho. Watu wengi wakianza na posho, wakifika kwenye mboga wameshajaza sahani.

Usile mabaki ya watoto. Najua kutupa chakula ni dhambi machoni petu, lakini vijiko vitano sita vya kila mtoto ni sahani nyingine nzima. Wapakulie kidogo, wakitaka waongeze.

Ila kuna jambo kubwa kuliko posho. Hedhi mara moja au mbili kwa mwaka, kwa miaka, usiiache hivyo. Yai lisipotoka, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unaendelea kujengeka bila kumwagwa, na ukikaa hivyo muda mrefu unaweza kugeuka kuwa saratani. Ikipita miezi mitatu bila hedhi, na huna mimba, muone daktari. Kuna vidonge vya homoni vya siku chache vya kuishusha, na kuna vya kuulinda mfuko wakati unapunguza uzito. Usisubiri ukonde ndipo uende.

Mke_wa_Afande

Hili la mfuko wa uzazi hakuna aliyewahi kuniambia. Niliona ni nafuu tu, sinunui pedi.

NyamaNaMayai

Samahani kwa kuingilia, ila mimi napingana. Mnawadanganya watu kwa posho kidogo na matoke kidogo. Wenye PCOS wanga ni sumu kwetu. Mimi nakula nyama, mayai, samaki, ovakado na majani, basi. Nimepungua sana na hedhi yangu inakuja kila mwezi. Kila mwenye PCOS aache wanga kabisa.

BintiBombo

Hongera kwa kupata nafuu, nafurahi kwa dhati. Kama mlo huo unakufaa na daktari anakupima, endelea. Ila sikubali kwamba kila mmoja lazima afuate njia hiyo.

Milo mingi imelinganishwa: yenye protini nyingi, yenye wanga kidogo, yenye mafuta kidogo. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 umesema wazi kuwa hakuna mmoja uliothibitika kuishinda mingine. Kinachofanya kazi ni ule ambao mwanamke anaweza kuishi nao. Wewe umepungua, na kupungua ndiko kulikokusaidia.

Hata hivyo aina ya wanga ina maana yake. Watafiti wa Sydney walichapisha kazi mwaka 2010. Waliwagawa wanawake 96 wenye PCOS na uzito mkubwa katika makundi mawili. Kundi moja lilikula wanga unaopandisha sukari polepole, lingine lilikula mlo wa kawaida wa afya. Walipopungua kiasi kile kile, hedhi ilitengemaa kwa asilimia 95 ya kundi la kwanza na asilimia 63 ya kundi la pili. Kwa hiyo maharage, njegere, choroko na nafaka isiyokobolewa zina faida kuliko mkate mweupe, mandazi na posho la unga mweupe. Kwenye kazi hiyo hiyo karibu nusu ya wanawake waliacha njiani, katika makundi yote mawili. Hao walikuwa na wataalamu wa kuwafuatilia. Ndiyo maana naogopa mlo wowote unaomtaka mwanamke wa Kalerwe au wa Koboko aachane na kila kitu ambacho familia yake inakula. Nyama na mayai kila siku kwa bei za sasa, wangapi wetu tutaweza?

NyamaNaMayai

Sawa, nimeelewa kuhusu gharama. Bado nasema punguzeni wanga sana.

BintiBombo

Kupunguza tumekubaliana.

MtaaWaKatikati

Huu ugonjwa ni wa juzi. Bibi zetu hawakuwa nao. Ni chipsi na sindano za uzazi wa mpango.

BintiBombo

Kaka, mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliandika habari za wanawake saba wenye ovari kubwa zenye vifuko, hedhi iliyopotea, nywele nyingi mwilini na wengine unene. Vidonge vya kwanza vya uzazi wa mpango viliruhusiwa Marekani mwaka 1960. Ugonjwa ulitangulia. Na bibi zetu walikuwa nao, ila mwanamke asiyezaa aliitwa tasa au aliambiwa amerogwa, akaletewa mke mwenza, kikawa kimya. Ugonjwa huu unafuata sana damu ya ukoo. Ukiwa nao, mwambie dada yako na binti yako.

Sindano kweli husimamisha hedhi kwa wengi, baadhi huongezeka uzito, na baada ya sindano ya mwisho rutuba inaweza kuchelewa miezi kadhaa. Hapo ndipo watu huchanganya. Haileti PCOS.

*[Ujumbe umeondolewa na msimamizi: tangazo la dawa]*

DerevaBusia

Mimi ni mwanaume, naomba mnivumilie. Mke wangu ana PCOS, tumeoana miaka kadhaa, hajashika mimba. Daktari alisema apunguze kilo. Mama yangu mzazi ameanza kuleta maneno ya kuoa mwingine. Mke wangu akikaa mezani ninamwambia "hicho usile, kile punguza", anaanza kulia, anaacha chakula, usiku namsikia jikoni. Nampenda, sitaki kuoa mwingine. Nifanye nini?

Ssenga_Jinja

Mwanangu, nakujibu mimi maana ni mkubwa kwa umri. La kwanza, maneno ya mama yako yaishie kwako, yasifike masikioni mwa mkeo. Ukimfikishia utakuwa umemwekea mzigo ambao hakuna mlo utakaoutoa. La pili, acha kumlinda mezani. Mtu mzima akihesabiwa matonge na mumewe anaona haya, na mwenye haya hula kwa kujificha. Wewe mwenyewe kula kile anachotakiwa kula yeye. Soda isiingie nyumbani, hata yako. Jioni ukitoka safari mwambie twende tutembee, mtembee wote wawili.

BintiBombo

Nakuunga mkono ssenga, kila neno. Na kwako shemeji niongeze ya hospitali.

Wewe umepimwa? Mbegu za mwanaume ni kipimo rahisi, na wakati mwingine tatizo liko pande zote mbili. Nimeona wanawake wanaohangaika na mlo muda mrefu wakati mume hajawahi kutoa kipimo hata kimoja.

Pia kupunguza uzito kusiwe geti ambalo lazima lifunguliwe ndipo atibiwe. Kuna dawa za kulikomaza yai, na letrozole ndiyo inayopendekezwa kwanza kwa PCOS, chini ya daktari. Kama umri wa mkeo unasogea, mlo na matibabu viende pamoja. Mulago ipo hospitali maalumu ya wanawake, na hospitali nyingine kubwa zina madaktari wa uzazi. Nendeni wote wawili, muingie wote wawili.

Hayo ya jikoni usiku yananitia wasiwasi. Kujinyima mchana na kula sana usiku kwa kujificha ni jambo linalowapata wengi wenye PCOS, pamoja na huzuni ya muda mrefu na wasiwasi. Si uroho. Amwambie daktari kama alivyo, na kama akijitapisha baada ya kula asilifiche hilo. Asifunge kula mchana. Mwenye kushinda njaa hawezi kujizuia usiku, mwili wenyewe unamdai.

DerevaBusia

Nimesoma. Sijapimwa. Asante ssenga, asante dada.

DadaNakivale

Jambo yenu. Mimi ni Mkongo, niko Nakivale, kambi ya wakimbizi. Nimeona munasema punguza posho, lakini kwetu posho na maharagi ndiyo tunayopata, na yenyewe walipunguza. Mwili yangu ni mkubwa hata nikila mara moja kwa siku. Watu wanasema "huyu anadanganya ana njaa". Mimi nipunguze nini tena?

BintiBombo

Karibu sana dada. Wanaokusema hivyo hawajui. Mtu anaweza kuwa na mwili mkubwa na bado akakosa chakula kizuri, vyote kwa wakati mmoja, na PCOS inauzidisha ugumu.

Wewe usipunguze kiasi. Panga upya. Mlo mmoja mkubwa wa jioni uugawe mara mbili, mmoja mapema. Maharage yazidi unga kwenye sahani yako. Kama una kipande cha ardhi au hata gunia la udongo nje ya nyumba, panda lengalenga, zile ambazo huku tunaita dodo. Zinaota haraka, na unachuma huku zinachipua. Sombe, majani ya muhogo, ni nzuri sana pia, ipikwe mpaka iive kabisa kwa ajili ya ile sumu ya muhogo, ila mawese yapimwe kwa kijiko, maana ni mafuta kama mengine. Mukene iliyosagwa, kijiko kimoja kwenye maharage, inaongeza protini na kalsiamu kwa pesa ndogo.

Na katika kituo cha afya cha kambi, omba upimwe presha na sukari.

DadaNakivale

Lengalenga nitapanda. Sombe bila mawese mengi, ile itakuwa ngumu kwa roho, lakini nitajaribu. Aksanti.

Hawa_Arua

Sasa zamu yangu. Nilipewa metformini. Tumbo linaharisha, kichefuchefu, natamani kuacha. Na je, hii dawa si ndiyo ya kukondesha?

MfamasiaMbale

Ruhusa nijibu. Metformini husaidia mwili kuitikia insulini. Uzito unaoondoka kwa dawa hiyo peke yake ni kidogo, kwa hiyo usiihesabu kuwa dawa ya kukondesha. Kwa PCOS inasaidia hasa upande wa sukari, na kwa baadhi hedhi pia. Tumbo kuvurugika ni kawaida ukianzishiwa dozi kubwa ghafla. Huanzwa kwa miligramu 500 mara moja kwa siku, katikati ya chakula, kisha hupandishwa polepole baada ya wiki moja au mbili. Iko pia ile inayoyeyuka taratibu, tumbo huivumilia zaidi. Usiache mwenyewe, rudi kwa aliyekuandikia umwambie. Ukiitumia miaka mingi uulizie kipimo cha vitamini B12. Na mwenye ugonjwa wa figo aseme kabla hajapewa.

Hawa_Arua

Mimi nilianzishiwa nyingi mara moja, na nakunywa bila kula. Nitarudi.

Kibuli_Mwalimu

Ramadhani inasaidia? Nafunga mwezi mzima lakini Idi nikipanda mizani nimeongezeka.

BintiBombo

Inategemea futari, mwalimu. Ukifungua kwa sambusa, mandazi, maji ya matunda yenye sukari na uji wa sukari, kisha ukala wali baada ya tarawehe, umerudisha yote na ziada. Fungua kwa tende moja mbili na maji, swali, halafu ukae kwenye sahani ile ile ya nusu majani. Daku usiiruke: kalo (ugali wa wimbi) au maharage na yai vinakufikisha mbali kuliko chai na chapati. Anayetumia dawa nyingine za kisukari au insulini azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Rolex_Wandegeya

Na sisi wanafunzi? Chakula chetu ni rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) na kikomando (chapati na maharage). Hostelini hakuna jiko.

BintiBombo

Mdogo wangu, kinacholemea kwenye rolex ni chapati na mafuta ya kukaangia, mayai na kabichi havina kosa. Mwambie akutengenezee chapati moja, mayai mawili, nyanya na kabichi nyingi, na apunguze mafuta kwenye kikaango. Watakusikia, wewe ndiye mteja. Kikomando, chapati nusu na maharage mara mbili. Maji badala ya soda. Jackfruti, embe na nanasi kula vipande, usikamue juisi.

Kilo60

Mimi nina PCOS na kilo 60, sina unene. Nami nipunguze?

BintiBombo

Hapana dada. Kama uzito wako unalingana na urefu wako, kazi yako ni kutoongezeka, na kula vizuri kwa ajili ya sukari, maana hata wembamba wenye PCOS wanaweza kuwa na ukaidi wa insulini. Usijikondeshe.

Mke_wa_Afande

Na mazoezi? Sina muda wa jimu wala pesa.

BintiBombo

Kutembea kwa kasi ya kukufanya uhemee lakini uweze kuongea. Kwa afya, dakika 150 kwa wiki. Kwa kupunguza uzito, karibu dakika 250. Kulima shamba kunahesabika, kubeba maji kunahesabika. Mara mbili kwa wiki fanya ya misuli: kaa na simama kutoka kwenye kiti mara nyingi, sukuma ukuta, nyanyua jerikeni ya lita tano. Misuli ikifanya kazi inachukua sukari kwenye damu hata insulini ikiwa dhaifu. Hata mizani isiposhuka, umepata faida hiyo.

Hapa niseme na wote. Mizani itasimama. Itashuka miezi ya mwanzo, halafu itagoma, kwa kila mtu, hata asiye na PCOS, kwa sababu mwili uliopungua unatumia nishati kidogo. Msikate tamaa hapo. Andikeni tarehe za hedhi kwenye daftari au simu, pimeni kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Nimeona wanawake ambao kilo zimegoma lakini hedhi imeanza kuja. Ndevu na nywele za kichwa zinachukua muda mrefu zaidi, miezi sita au zaidi, na kwa wengine zinahitaji dawa. Kunyoa hakuziongezi, nyoa kama unataka.

Na kama hutaki mimba kwa sasa, hedhi ikianza kurudi tumia kinga. Yai linaweza kutoka kabla hujaona hedhi ya kwanza.

Ssenga_Jinja

Hilo la mwisho mlishike. Nina mpwa wangu aliambiwa hatazaa, leo ana mapacha ambao hakuwapangia.

Mke_wa_Afande

Dada, afande amenipa nauli, naenda hospitali Jumatatu. Niombe vipimo gani nisisahau?

BintiBombo

Nimefurahi sana mama. Watakupima kama una mimba kwanza, usishangae. Omba presha, uzito na kiuno. Omba kipimo cha sukari kile cha kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa tena baada ya saa mbili, kwa sababu sukari ya asubuhi peke yake inaweza kuficha tatizo kwetu. Mafuta ya damu, homoni ya tezi, prolaktini, na testosteroni kama uwezo upo. Waambie tarehe za hedhi zako kadiri unavyokumbuka, na waulize kuhusu ukuta wa mfuko wa uzazi, hilo usiondoke bila jibu lake. Vikiwa vingi kwa pesa uliyonayo, anza na sukari, presha na hilo la mfuko.

Usile chochote kuanzia usiku wa Jumapili, maji tu. Beba daftari la hospitali, na chakula cha kula ukishamaliza, maana foleni ni ndefu na nje ya geti wanauza mandazi peke yake.

Mke_wa_Afande

Nitachemsha mayai mawili na kiazi kitamu. Nitaleta majibu hapa hapa.